KUBANA MATUMIZI NI JAMBO MOJA, KUSTAAFU MAPEMA NI JINGINE

Maneno ya Kamati ya Elimu, yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi

 Akina mama oyee!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai na sanduku letu likiwa salama. Miaka kumi si haba. Tunawashukuru pia washika funguo watatu, ambao kwa muda wote huo hawajawahi kuchoka kuja mapema na kuondoka wa mwisho.

Kamati ya Elimu imepewa dakika chache za kusema jambo moja tu. Jambo lenyewe ni zile hadithi za magazetini, redioni na kwenye simu zetu, zinazosema kwamba mtu fulani alibana matumizi, akaacha hiki na kile, kisha akastaafu akiwa na miaka thelathini au arobaini. Tumeziona zikisambazwa, tumezisikia zikisimuliwa hata kwenye mikutano yetu ya wiki. Tusingezizungumzia siku ya furaha kama hii kama zisingekuwa zimeingia ndani ya kikundi. Lakini zimeingia. Kuna hoja mbili mezani zitakazopigiwa kura kwenye mkutano mkuu ujao, na zote mbili zimetokana na hadithi hizo. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kuzifungua hadithi zenyewe, tuone ndani mna nini.

Kikombe cha kahawa

Tuanze na ile inayojulikana kuliko zote. Huko Marekani kuna mwandishi wa vitabu vya fedha aitwaye David Bach. Mwaka 2004 kitabu chake kiitwacho The Automatic Millionaire kilivuma sana. Mafunzo yake ni kwamba mtu anayenunua kahawa na vitafunio vya dola 5 kila siku, akiacha na kuiweka pesa hiyo, atakuja kuwa tajiri. Habari hiyo ikaenea duniani kote: acha kahawa, uwe milionea.

Hebu tupige hesabu pamoja, maana kikundi hiki hesabu tunaijua. Dola 5 kwa siku ni dola 150 kwa mwezi. Kwa miaka 40 ni dola 72,000. Hiyo ndiyo kahawa yote, hakuna tone lililobaki. Sasa hadithi inasema atapata karibu dola 948,000. Je, hizo nyingine 876,000 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye faida ya asilimia 10 kila mwaka, kwa miaka 40 mfululizo, pasipo mwaka mbaya hata mmoja na pasipo kugusa hata senti. Punguza faida hiyo iwe asilimia 5, na zile 948,000 zinashuka hadi kama 229,000. Tena hapo hatujazungumzia bei za vitu. Bei zikipanda kwa asilimia 3 tu kila mwaka, hizo dola 948,000 za baada ya miaka 40 zitanunua vitu vinavyonunuliwa leo kwa dola 290,000 hivi.

Mnaona, akina mama? Kahawa imesifiwa kwa kazi iliyofanywa na riba. Wahenga wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Walisema kibaba. Hawakusema hujaza ghala.

Parachichi la Australia

Hadithi ya pili mliicheka wengi. Mwaka 2017 tajiri mmoja wa majumba huko Australia, Tim Gurner, alisema kwenye televisheni kwamba yeye alipokuwa anatafuta nyumba yake ya kwanza hakuwa ananunua mkate wa parachichi wa dola 19 pamoja na kahawa nne za dola 4 kila moja. Maana yake, vijana wanakosa nyumba kwa sababu ya parachichi. Sisi wa huku, ambako parachichi linaokotwa chini ya mti kule Rungwe, tulicheka kweli kweli.

Lakini baada ya kicheko turudi kwenye hesabu. Magazeti ya huko yalikumbusha kwamba alipoanza biashara, bwana huyo alisaidiwa na babu yake dola 34,000. Kijana asiye na babu wa namna hiyo, akiacha mkate wa dola 19 kila wiki, atabakiza dola 988 kwa mwaka. Ili afikishe hizo 34,000 itamchukua zaidi ya miaka 34. Kichwa cha habari kilishika parachichi, babu akaachwa pembeni.

Mshahara hautajwi

Hadithi ya tatu ni ya Peter Adeney, mzaliwa wa Kanada aliyehamia Marekani, anayejulikana kwa jina la Mr. Money Mustache. Aliacha kazi mwaka 2005 akiwa na miaka 30. Huyu bwana ni mbana matumizi wa kweli, tusimwonee: anaendesha baiskeli, anatengeneza nyumba yake mwenyewe, na familia yake ilikuwa ikitumia kama dola 25,000 kwa mwaka, kiasi ambacho kwa nchi yao ni kidogo. Na yeye mwenyewe hakuficha hesabu zake. Wanaozificha ni wanaomsimulia.

Maana ukisikia hadithi yake kwa watu, utaambiwa baiskeli. Hutaambiwa kwamba yeye na mkewe wote wawili walikuwa wataalamu wa kompyuta, wakipokea mishahara miwili mizuri. Hutaambiwa kwamba walipoacha kazi walikuwa na kama dola 600,000 kwenye uwekezaji na nyumba iliyokwisha lipiwa. Na hutaambiwa kwamba baadaye makala zake kwenye intaneti zilianza kumwingizia pesa nyingi. Mwaka 2016 gazeti la The New Yorker liliandika kwamba zilikuwa zikimletea kama dola 400,000 kwa mwaka. Mtu anayeingiza pesa hizo kwa mwaka kwa kuandika, jamani, amestaafu au amebadilisha kazi?

Hapa ndipo tunapoomba tusikilizane vizuri. Watu wawili wanaweza kubana matumizi sawasawa kabisa, mmoja akatajirika na mwingine asiende popote. Tuchukue mfano. Mama wa kwanza anapata faida ya Sh. 300,000 kwa mwezi. Unga, kodi ya chumba, maji, mkaa, nauli na mahitaji ya shule vinamaliza Sh. 270,000. Akibana mpaka mwisho zinabaki 30,000. Mama wa pili anapata Sh. 3,000,000 kwa mwezi. Naye akiishi kama yule wa kwanza, kwa 270,000 ile ile, zinabaki 2,730,000. Je, huyu wa pili ni hodari wa kubana mara tisini kuliko mwenzake? La hasha. Tumbo la mtoto halijui mshahara wa mama yake. Kuna chini ambapo matumizi hayawezi kushuka, na wengi wetu tumekuwa tukiishi hapo hapo chini tangu kabla gazeti halijatuambia.

Riba ilipokuwa tamu

Kuna hadithi ya zamani kidogo, nayo ni mama wa hizi nyingine. Joe Dominguez alifanya kazi Wall Street, kule kwenye mabenki na masoko ya hisa ya New York. Aliacha kazi mwaka 1969 akiwa na miaka 31. Mwaka 1992 yeye na mwenzake Vicki Robin walitoa kitabu kiitwacho Your Money or Your Life, na watu wengi wakakifuata. Mafunzo yake mengi ni mazuri: andika kila senti inayoingia na inayotoka, jiulize kila kitu unachonunua kimekugharimu saa ngapi za maisha yako. Hayo hata sisi tunayakubali.

Lakini mpango wake wa kuishi bila kazi ulisimama juu ya hati fungani za Serikali ya Marekani. Mwaka 1981 hati za miaka kumi zilifika mahali pa kulipa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka. Aliyenunua wakati ule hati za dola 100,000 aliweza kupata dola 15,000 na zaidi kila mwaka akiwa amekaa. Mwaka 2020 hati hizo hizo zilishuka zikalipa chini ya asilimia 1. Kwa dola 100,000 zile zile, hata dola 1,000 kwa mwaka haifiki. Mtu yule yule, ubanaji ule ule, daftari lile lile la matumizi; kilichobadilika ni riba, na riba haimsikilizi mtu.

Mwaka 1994 mtaalamu aitwaye William Bengen alichunguza takwimu za Marekani akasema mstaafu anaweza kuchukua kama asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha aongeze kadiri bei zinavyopanda, na akiba ikadumu miaka 30. Kutokana na hapo watu wakapata kanuni: weka akiba mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Lakini Bengen alikuwa anamfikiria mstaafu wa kawaida, mzee. Anayeacha kazi akiwa na miaka 35 anahitaji akiba idumu miaka 50 na zaidi. Na hesabu zile zilikuwa za masoko ya Marekani, si za sanduku letu.

Tuifanye hata hivyo, tuone. Yule mama wa kwanza anatumia Sh. 270,000 kwa mwezi, yaani Sh. 3,240,000 kwa mwaka. Mara 25 ni Sh. milioni 81. Sasa aambiwe aache chai na maandazi ya Sh. 1,000 kila siku ya kazi. Kwa siku 26 za mwezi ni 26,000. Kwa mwaka 312,000. Kwa miaka 20 ni Sh. 6,240,000. Hizo hazimtoshi kuishi hata miaka miwili. Na kwa miaka hiyo 20 atakuwa anakwenda sokoni alfajiri na kubeba mizigo tumbo likiwa tupu, maana kwa mama huyo chai ile si anasa. Ndicho kifungua kinywa.

Hadithi ya kweli ya kubana matumizi

Wenzetu wasije wakasema Kamati inahubiri ufujaji. Hapana. Tunayo pia hadithi ya kubana matumizi tunayoiheshimu. Ni ya mama mmoja wa jimbo la Maine, Marekani, Amy Dacyczyn, ambaye kuanzia mwaka 1990 hadi 1996 alitoa jarida dogo la kufundisha ubanaji, The Tightwad Gazette. Mumewe alikuwa mwanajeshi wa majini, mapato yao hayakufika dola 30,000 kwa mwaka, na watoto wakawa sita. Kwa muda usiofika miaka saba waliweka dola 49,000, pasipo deni, wakaja kununua nyumba ya shamba. Walinunua vitu kwa jumla, walishona, walipika wenyewe.

Angalieni matunda ya kazi hiyo. Ni nyumba, na kutokuwa na deni. Mumewe hakuacha kazi kwa sababu ya kubakisha mkate. Hayo ndiyo matunda halali ya ubanaji: kibanda kuwa nyumba, mtoto kumaliza shule, ugonjwa kutokukuta mikono mitupu. Tena tuseme na hili: kushona, kupika, kutembea kwa miguu kwenda gulio la mbali penye bei nafuu, yote hayo ni kazi. Magazeti huyaita kutotumia pesa. Sisi tunajua ni mikono ya nani inayoyafanya.

Hoja zilizo mezani

Sasa tuje nyumbani. Hoja ya kwanza inasema kiwango cha chini cha hisa kipandishwe kutoka hisa moja hadi tatu kila wiki, ili tutajirike haraka kama wale wa kwenye hadithi. Hisa yetu ni Sh. 5,000. Yule mama anayebakiwa na 30,000 kwa mwezi, leo ananunua hisa moja na kutoa Sh. 1,000 ya mfuko wa jamii kila wiki. Jumla ni 6,000 kwa wiki, sawa na 26,000 kwa mwezi. Zinabaki 4,000. Yumo, tena kwa jasho. Mkipandisha ziwe hisa tatu, ni Sh. 15,000 kwa wiki, sawa na 65,000 kwa mwezi. Atazitoa wapi? Mama huyo atatoka, na atatoka kimya kimya kwa aibu, akiamini kwamba yeye ndiye mzembe. Akina mama, tukimtoa huyo tutakuwa tumemtoa yule ambaye kikundi kilianzishwa kwa ajili yake.

Hoja ya pili inasema mfuko wa jamii ufutwe, eti ni pesa iliyolala, na ile Sh. 1,000 iingie kwenye hisa. Kwa mwaka ni Sh. 52,000 kwa kila mwanachama. Ni kweli ni pesa. Lakini mfuko huo ndio tunaoukimbilia mtoto akilazwa, mwenzetu akijifungua kwa upasuaji, au msiba ukibisha hodi usiku. Ukifutwa, mama atakayepatwa atakwenda kwa wale wa mikopo ya kausha damu, na riba ya huko itakula hisa zake za mwaka mzima kabla hatujagawana. Pesa ya mfuko wa jamii haijalala. Inalinda mlango.

Tukumbuke utaratibu huu umetoka wapi. Mwaka 1991 wanawake wa eneo la Maradi, nchini Niger, walianza vikundi vya namna hii kwa msaada wa shirika la CARE, wakaviita Mata Masu Dubara. Kutoka huko njia hiyo imeenea Afrika nzima: sanduku, funguo tatu, hisa moja hadi tano, mfuko wa kusaidiana. Wale mama hawakuahidiwa kustaafu mapema. Waliahidiwa kwamba pesa yao itakuwepo siku watakapoihitaji. Na ndivyo ilivyotushika sisi hapa miaka kumi.

Kuna hatari nyingine. Mtu akishaamini kwamba utajiri wa haraka upo na ni yeye tu hajaujua, anakuwa tayari kwa tapeli. Wengi wetu tunakumbuka DECI, watu walivyohimizwa wapande mbegu za pesa ili wavune nyingi, mpaka Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Hadithi ya kahawa si utapeli, lakini inalima shamba ambalo tapeli huja kupanda.

Tunayopendekeza

Kwanza, hisa ya chini ibaki moja. Mwenye uwezo anunue hadi tano kama katiba yetu inavyosema, bila kumsimanga mwenye moja.

Pili, mfuko wa jamii ubaki, na mwaka ujao mkutano mkuu upitie viwango vya msaada kama bado vinatosha.

Tatu, tubane pale panapobanika kwa pamoja. Sukari ya kupimiwa na mkaa wa kopo ni ghali kuliko gunia, lakini gunia linahitaji pesa ya mkupuo. Kikundi kinunue magunia, tugawane kwa bei ya jumla. Hapo mama anaokoa pesa bila kupunguza kijiko kwenye kikombe cha mtoto.

Nne, tuzungumzie uzee waziwazi. Mtumishi wa Serikali kwa kawaida hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60, naye anayo pensheni. Muuza samaki hana. Lakini NSSF hupokea michango ya hiari ya waliojiajiri, na kuna vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT tangu mwaka 2005, ambavyo thamani yake hupanda na kushuka. Kamati itawaalika wahusika waje watueleze masharti, faida na hasara, kabla mtu hajatoa shilingi. Hatutafuti kustaafu tukiwa na miaka arobaini. Tunatafuta kwamba tukiwa na miaka sabini tusiombe chumvi.

Tano, anayeleta hadithi ya mtu aliyestaafu mapema aje nayo mkutanoni, tuisome wote kwa kuiuliza maswali haya. Alikuwa anapata kiasi gani kwa mwezi? Nyumba alilipiwa na nani? Faida imehesabiwa kwa asilimia ngapi, na kwa miaka mingapi? Leo anakula nini: akiba yake, au malipo ya kusimulia hadithi yake? Na wale waliobana kama yeye wakashindwa, wako wapi? Maana aliyeshindwa hapigwi picha. Hadithi ikiyajibu maswali hayo, tutajifunza kwayo. Ikikaa kimya, tutaifungia maandazi.

Ndugu Mwenyekiti, mama yeyote hapa asitoke leo akidhani yuko alipo kwa sababu ya chai yake. Wengi wetu tumebana tangu utotoni, na bado tumelea, tumesomesha na tumezika wazee wetu kwa heshima. Kilichotupungukia ni kipato, si adabu ya matumizi. Basi siku ya kura tupige kura tukimkumbuka yule mwenye hisa moja.

Kwa niaba ya Kamati ya Elimu, tunawatakia maadhimisho mema na miaka mingine kumi yenye baraka.  Akina mama oyee!